Kamati ya Kuupokea Mchezo wa Walinzi wa Zohali

Wizara inawatangazia wananchi wote kwamba mchezo wa kompyuta uitwao Walinzi wa Zohali, ambao wamekuwa wakiupokea kiholela kwa miezi mitatu, sasa utapokelewa rasmi.

Tangazo hilo nililiandika mimi, Katibu wa Kamati ya Kuratibu Mapokezi ya Michezo ya Kielektroniki, na bila kujisifu, lilikuwa tangazo zuri. Hali mitaani ilikuwa mbaya. Watu waliucheza mchezo, wakaupenda, wakasimuliana, wakaitana wakacheze tena, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na kibali cha kuupenda.

Kwa faida ya wasiojua: askari wanne waliovaa mavazi ya anga wanashuka kwenye sayari ya mbali iliyovamiwa na wadudu wakubwa kama ng'ombe. Wanapiga risasi, wanakimbia, wanasonga mbele. Milango ya chuma haifunguki mpaka wote wanne waisukume kwa pamoja. Mmoja akianguka, mwenzake ana sekunde thelathini za kumwinua. Zikipita, ndiyo basi tena. Na mchezo mzima hauna kiongozi. Wote ni sawa. Hapo ndipo Wizara iliposhtuka.

Hatua ya kwanza ilikuwa kufunga vyumba vyote vya michezo hadi Kamati itakapotoa tathmini yake. Chumba cha kwanza kufungwa kilikuwa sebule ya nesi mmoja mstaafu: mashine nne, viti vya plastiki, feni inayolia kama mgonjwa. Karatasi niliibandika mwenyewe mlangoni. Nesi huyo ni mama mkwe wangu.

Alivaa miwani, akaisoma karatasi yote, hadi muhuri.

"Mkwe, umenifungia?"

"Si mimi, Mama. Ni Wizara."

"Mkono uliobandika ni wa nani?"

"Ni wangu, Mama, lakini ulikuwa kazini."

Alirudi ndani, akazima feni. Nitasema ukweli hapa, ingawa haumo kwenye mafaili: tangu baba mkwe afariki, mama yule alikuwa amekaa mwaka mzima akitazama ukuta. Chumba kile ndicho kilichomtoa kitandani. Yeye, fundi cherehani wa jirani, kinyozi wa kona na muuza maji walikuwa kikosi kimoja, na mtaa mzima ulikuja kuwatazama wakicheza.

Jioni nilipofika nyumbani, meza ilikuwa tupu.

"Mke wangu, chakula je?"

"Chakula kipo," alisema, bila kuinua macho. "Ila bado hakijapokelewa rasmi."

Kamati ilianza kazi Jumatatu. Kwa mujibu wa kanuni zetu, hatuwezi kutathmini mchezo tusioumaliza. Basi tuliketi wanne mbele ya skrini, kila mmoja na pedi yake ya kuchezea: Mkurugenzi, ambaye ni Mwenyekiti, Mwanasheria, Afisa Itifaki, na mimi. Tulifika mlango wa kwanza baada ya dakika mbili. Tulikaa hapo siku tisa.

"Tusukume, Mheshimiwa," nilisema siku ile ya kwanza.

"Nani asukume?" aliuliza Mkurugenzi.

"Sote wanne. Mchezo unasema hivyo."

"Katibu, mimi nina miaka kumi na minane kwenye cheo hiki. Umewahi kuniona nikisukuma mlango?"

Sikuwahi. Afisa Itifaki akapendekeza tusukume kwa kufuata vyeo, kuanzia wa chini. Nikasukuma mimi, akasukuma yeye, akasukuma Mwanasheria. Mlango ukakaa kimya kama mtumishi aliyeulizwa faili liko wapi. Nyuma yetu wadudu wakaja, wakatula. Tukaandika kwenye kumbukumbu kwamba kikao kimeahirishwa.

Siku ya nne Mkurugenzi akaangushwa na mdudu mmoja tu, tena mdogo. Askari wake akalala chali, mkono juu. Skrini ikaandika kwa herufi nyekundu: MWENZAKO AMEANGUKA. MWINUE.

"Niinueni!" alisema Mkurugenzi.

"Tunaliangalia, Mheshimiwa," alisema Mwanasheria. "Suala ni nani anakaimu."

"Sekunde ishirini!"

"Kiitifaki," alisema Afisa Itifaki, "anayekaimu ni yule aliyekaa kulia kwa Mwenyekiti. Nami nimekaa kulia."

"Kulia kwake au kulia kwetu?" Mwanasheria akamgeukia, na askari wake naye akageuka, bunduki mbele. Sijui nani alianza kufyatua. Ninachojua ni kwamba hatukuuawa na wadudu siku hiyo. Mkurugenzi alitazama sekunde zake zikiisha, tatu, mbili, moja, akaweka pedi mezani taratibu. Mchana ule hakunywa chai na sisi.

Siku ya tisa ikaja simu. Waziri angezindua tathmini yetu Ijumaa, ukumbini, mbele ya waandishi wa habari, na Kamati imwonyeshe mchezo ulivyo, mwanzo hadi mwisho. Tukatazamana. Maji yalikuwa yamezidi unga.

"Katibu," alisema Mkurugenzi kwa upole ambao sikuwahi kuusikia, "si una mama mkwe?"

Nilienda mikono nyuma. Nilimkuta mama mkwe uani anakunja nguo ambazo, kwa nilivyoona, zilikuwa zimeshakunjwa. Nikamweleza mpango wetu: yeye na wenzake wakae nyuma ya pazia la jukwaa na mashine zenyewe, sisi tukae mbele na pedi zisizounganishwa na kitu.

Alicheka mpaka akaketi.

"Nyinyi wanne, na digrii zenu zote, mlango wa kwanza?"

"Mama, hali ya mlango ni ya kitaalamu."

"Nitakuja. Lakini nataka barua."

"Barua ya nini, Mama? Neno langu halitoshi?"

"Mkwe, hospitalini nimeahidiwa kwa mdomo miaka thelathini na minne. Lete karatasi."

Barua ikaandikwa na Mwanasheria, na kwa kuwa aliogopa neno "kusaidiwa" lisije likasomwa na mtu, akaandika kwa lugha isiyoweza kumdhuru yeyote: *Mwenye barua hii na wenzake watatu watatekeleza majukumu yote ya Kamati.* Mkurugenzi akasaini bila kusoma. Kusoma si kazi ya anayesaini.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Mchezo ukaanza, na jamani, tulicheza! Mlango wa kwanza ulifunguka kama pazia la dirisha. Wa pili, wa tatu. Wadudu walianguka kulia na kushoto. Nilijikuta nabonyeza pedi yangu iliyokufa kwa ufundi ambao sikujua ninao. Watu wakapiga makofi. Waziri akashindwa kuvumilia.

"Hebu, Mkurugenzi, nipishe kidogo."

Mkurugenzi akampisha. Waziri akashika pedi, na askari wake akaruka mtaro, akaangusha wadudu watatu kwa mpigo.

"Kumbe nina kipaji!" alisema Waziri. "Mlikuwa mnanificha!"

Mwandishi mmoja, binti mwenye daftari dogo, akamwomba neno moja kuhusu siri ya ushindi wake. Waziri akaweka pedi juu ya kiti, akatengeneza tai, akaanza kueleza umuhimu wa uongozi thabiti. Nyuma yake, askari wake aliendelea kupiga risasi, akajificha nyuma ya jiwe, akabadilisha bunduki.

"Mheshimiwa," alisema yule binti, "sasa hivi anayecheza ni nani?"

Ukumbi ukatulia. Na katika utulivu ule ikatoka nyuma ya pazia sauti ya mtu aliyezoea kuamrisha wodi nzima:

"Waziri ameanguka! Kinyozi, mwinue huyo, yuko kushoto kwako! Fundi, mlinde! Jamani harakisheni, atatufia!"

Kwenye skrini askari mmoja alikimbia katikati ya moto, akamwinua Waziri. Ukumbini mtu fulani alivuta pazia. Wakaonekana: bibi wa miaka sitini na saba mwenye miwani, fundi cherehani na utepe wake shingoni, kinyozi, na muuza maji ambaye hata hakugeuka, kwa sababu mdudu mkubwa alikuwa bado hai.

"Nyinyi ni nani?" aliuliza Waziri.

Mama mkwe akasimama, akatoa barua ndani ya mkoba. Waziri akaisoma mara mbili. Kamera zilikuwa kumi na moja. Nilizihesabu kwa kukosa pengine pa kutazama. Waziri alikuwa na njia mbili: aseme amedanganywa, au aseme kila kitu kiko sawa. Waziri hadanganywi.

"Ndugu waandishi," alisema, akiinua barua, "hii ndiyo Kamati yangu. Imesainiwa hapa. Nilitaka wananchi wenyewe."

"Na hawa wanne wa mbele?"

Alitutazama. Nilimwona akitafuta neno.

"Hawa wako mafunzoni."

"Hadi lini, Mheshimiwa?"

"Hadi wamalize mchezo," alisema Waziri, na kwa kuwa lilisemwa mbele ya kamera, likawa agizo.

Kamati mpya haikuomba kikao wala chai. Mama mkwe aliazima kalamu ya yule binti, akaandika tathmini nyuma ya barua yetu: *Tumeucheza. Ni mzuri. Vyumba vifunguliwe. Watoto wamalize kwanza kazi za shule.* Wanne wakasaini. Sisi tulikuwa na rasimu ya kurasa mia mbili na arobaini, na hakuna aliyeiulizia.

Jumatatu asubuhi tulifika pale sebuleni, Mkurugenzi mbele, suti ya kijivu. Feni ilikuwa inalia kwa furaha. Watu walijaa hadi barazani.

"Mimi ni Mkurugenzi," alisema Mkurugenzi.

"Karibu sana, Mkurugenzi," alisema mama mkwe, mkono ukiwa kwenye mashine. "Foleni inaishia kule, kwa yule mama mwenye kikapu."

Tulienda tukasimama. Afisa Itifaki alitaka kutupanga, lakini mtu wa nyuma akamwambia asimkanyage. Yule mama mwenye kikapu aligeuka, akamtazama Mkurugenzi kuanzia tai hadi viatu.

"Kaka, sijawahi kukuona hapa. Unafanya kazi gani?"

Foleni ikasogea hatua mbili, Mkurugenzi naye akasogea.

"Najifunza," alisema.