Haki ya Kufundisha Bure

Kitivo kina furaha kuutangazia ulimwengu wa elimu kwamba, kuanzia Jumanne saa tano na robo asubuhi, imejulikana rasmi kufundisha ni nini. Kamati iliketi dakika arobaini tu. Mihtasari ya kikao niliandika mimi, katibu wao.

Kesi ilimhusu Bi Wiebke Tjarks, mtaalamu wa udongo. Miaka kumi na moja iliyopita aliwasilisha tasnifu yake ya pili, nene kuliko ile ya udaktari, akahutubia maprofesa, wakagonga meza kwa vifundo vya vidole, ndiyo makofi yao, akapewa haki ya kufundisha. Mshahara hakupewa, haki na mshahara ni vitu viwili. Ili haki isife, sharti afundishe saa mbili kwa wiki bila malipo. Akikosa mihula miwili, inafutwa. Utaratibu huu ni mwema. Mwaka tisini na saba ulimwondoa Daktari Behnke, bingwa wa mito, ambaye sasa anatengeneza baiskeli, na baiskeli zinapona.

Bi Tjarks alikuwa akiomba kiti cha uprofesa katika chuo cha Rostock. Maombi yangefungwa Ijumaa. Bila haki, bahasha yake isingefunguliwa.

"Mihula miwili umefundishia wapi?" aliuliza Mkuu wa Kitivo, Profesa Daktari Daktari Lüdeking. Ana udaktari mara mbili, na hupenda uhesabiwe.

"Kantini, Mheshimiwa. Niliomba chumba, nikaambiwa fomu ya vyumba ni ya wanaolipwa."

"Kantini watu wanakula viazi."

"Na wangu walikula. Lakini walisikiliza."

"Bibi wee, kula ni kula!" Mkuu akanigeukia. "Katibu, andika: *Amefundisha yule tu ambaye mwili wake umesimama mbele ya ubao katika ukumbi uliopangwa.* Kwa wote, bila upendeleo. Ianze sasa hivi, na mihula iliyopita ihesabiwe."

Wote saba wakainua mikono. Mkuu akataka mihtasari ipitishwe papo hapo, Bi Tjarks asije akapata upenyo wa rufaa. Ikapitishwa, ikapigwa muhuri.

Ili kukamilisha ushahidi, akaitwa Dudek, mtunza majengo, na daftari lake la funguo. Anayechukua ufunguo anatia sahihi; asiyetia, hafunguliwi hata choo.

"Dudek, tuambie. Huyu bibi amewahi kuchukua ufunguo wa ukumbi?"

"Mara nyingi, Mkuu. Ukumbi Mkubwa, kila Alhamisi, mihula minane."

"Huo ni mhadhara wangu," alisema Mkuu.

"Jina kwenye ratiba ni lako, ndiyo. Anayeingia ni yeye. Wewe kila Alhamisi uko Lisbon, sijui Graz. Mimi nakaa nyuma pale na chai yangu, namsikiliza. Siku hizi naujua udongo wa mfinyanzi kuliko shemeji yangu mkulima."

"Acha utani, Dudek!"

"Utani upo wapi? Sahihi yako nionyeshe moja, nikununulie bia."

Mkuu alifunua daftari kurasa ishirini. Alipata sahihi yake mara moja: ufunguo wa chumba cha mvinyo.

"Nilikuwa namsaidia tu Mheshimiwa," alisema Bi Tjarks, akiangalia viatu vyake. "Aliniambia nikikataa, Rostock nisitaje jina lake kama mdhamini."

Mkuu aliniamuru nirekebishe mihtasari. Nilimweleza kwa heshima zote kwamba mihtasari iliyopitishwa hurekebishwa na kamati iliyoitishwa na Mkuu, na Mkuu lazima awe na haki ya kufundisha, na mwenye mihula minane bila kusimama ubaoni haki yake imefutwa tangu saa tano na robo. Wajumbe wenzake walisoma dari. Kila mmoja ana Alhamisi yake.

Bi Tjarks nilimpa cheti cha haki yake, chenye wino mbichi. Akakimbilia posta bila koti.

Nikafungua mlango. "Bwana Lüdeking," nikasema, "kikao kimekwisha."

Akageuka nyuma, akatazama viti vyote, akitafuta huyo Bwana Lüdeking ni nani.