Mwanangu Kapimwa kwa Kipimo cha Galaksi

Kiponda, Mji Mkongwe,
Unguja.

Kwa Mkuu wa Mradi wa Kupima Ulimwengu,

Ama baada ya salamu na kukuombea afya wewe na wote wanaokesha na darubini, mimi ni Bi Sheikha binti Turki, shangazi yake Fathiya, yule mtaalamu wenu aliyekuja nyumbani miezi mitatu kufanya kazi zenu kwa kompyuta. Nimemlea tangu alipofariki kaka yangu, Mungu amrehemu. Sijapenda kumshitaki mtoto wangu kwa wageni, lakini elimu iliyoniharibia nyumba imetoka kwenu, basi pokeeni na malalamiko yake.

Naandika kwa mkono kwa sababu barua pepe yangu hunifungulia yeye. Najua hapo kwenu anayesoma Kiswahili ni yeye peke yake. Tafadhali mtafuteni mwingine wa kuitafsiri.

1. Mmemfundisha kwamba picha ya galaksi ya mbali hutufikia imepinda, kwa sababu mwanga wake njiani hupita karibu na vitu vizito, na vingine havionekani kwa jicho. Alinionyesha jikoni: akaweka bilauri juu ya gazeti, herufi zikavimba na kulala upande. Nikamwambia mashaallah. Siku ya pili nikamletea habari za mchumba, kijana mtaratibu, mwenye adabu, wa damu moja. Akanijibu kwamba sifa hizo zimepita kwa mjumbe mwenye uzito mkubwa, hivyo lazima zimepinda. Mjumbe nilikuwa mimi. Mchumba alikuwa Basil, mwanangu wa pekee, ana miaka thelathini na sita. Sioni nilipopinda.

2. Mmemfundisha kwamba galaksi moja haitoi ushahidi, kwani kila moja ina umbo lake iliyoumbwa nalo. Eti mpaka mpime mamilioni, ndipo mwelekeo mdogo wa pamoja uonekane, na hapo ndipo mjue vitu vimejikusanya wapi na kwa kasi gani. Sawa, huko juu ni kwenu. Huku kwetu, posa ikija, wazee huuliza watu watatu wanne, wakaridhika. Fathiya alikuwa na posa tatu mkononi, akasema waulizwe watu mia mbili na kumi na wawili, mjini na mashamba, maswali mamoja kwa wote. Kaka yake Junaid, aliyeko Maskati na ndiye walii wake wa kumwozesha, akaifanya kazi hiyo kwa simu wiki tatu nzima, na mkewe akiandika. Mposaji wa kwanza alijitoa aliposikia tu kwamba anapimwa. Huyo simlaumu.

3. Hili ndilo kubwa. Mmemfundisha kujifumba macho. Anasema nyinyi wenyewe, kabla ya kupiga hesabu, huyaficha matokeo yenu msiyaone, kwa kuwa mwamba ngoma huvutia kwake, hata akiwa profesa. Basi akaamuru majina ya wachumba yafichwe. Junaid akabaki nayo Maskati, huku tukaletewa karatasi tu, Be na Te. Nami kwa kuwa ndiye mkubwa wa nyumba nikapewa kalamu nitoe alama, baada ya kutia saini kwamba nitakubali chochote kitakachotoka. Nilitia saini kwa raha zangu. Nilijua mmoja wao ni Basil, nikajua nitamtambua kama ninavyomtambua kwa kikohozi chake ngazini.

4. Nikampa Te alama arubaini na moja kwa hamsini. Watu wamesema akiahidi anakuja, na akichelewa anapiga simu. Wamesema sahani ya futari ya jirani hairudishi tupu, huweka japo tende tatu. Nikasema huyu ndiye, huyu kalelewa.

Be nikampa tisa. Wallahi nilikuwa mkarimu. Sahani za watu kwake hazirudi, msibani hufika kwenye pilau, na watu kumi na saba wasiojuana wameeleza habari ya ngazi moja aliyoazima. Mbele ya Fathiya na jirani zangu wawili nikauliza kwa sauti, huyu maskini hana mama?

Junaid akafungua majina. Sitaki kuendelea na aya hii.

5. Te ni Usi Machano, fundi wa pampu za maji, kwao Kiwengwa. Mama yake, Bi Mashavu, analima mwani. Mimi sina ubaguzi na watu wa shamba, nimekula kwao mara nyingi. Nilichosema ni kwamba sisi nasaba yetu imeandikwa, iko kwenye fremu sebuleni. Fathiya akanijibu kwamba nasaba haikuwemo katika maswali. Sasa nauliza, kipimo gani hicho kinachoacha nje kitu pekee tulichonacho?

6. Nimewachunguza na nyinyi. Fathiya mwenyewe kaniambia, bila kujua nnakusanya ushahidi, kwamba vipimo vyenu vimegombana miaka. Mwanga wa kale kabisa unasema ulimwengu wa leo ungekuwa umerundikana kiasi fulani. Galaksi zilipopimwa, zikaonyesha umerundikana pungufu. Wengine wakapima tena, wakasema tofauti imepungua, wengine wakasema bado. Kumbe! Nyinyi mkitofautiana mnaruhusiwa kupima upya miaka kumi, mnapewa na darubini mpya. Mimi nimefungwa kwa karatasi moja, na harusi imeshapangwa.

Na kwa kuwa nimefika hapa, acha niseme la moyoni. Nilizaliwa katika nyumba hii tukiwa watu ishirini na tisa. Sinia zilikuwa nne, na kwenye ngazi ilibidi mtu asubiri mwenzake ashuke. Fathiya anasema vitu huvutana vikakusanyika, na kuna nguvu nyengine inayosukuma kila kitu mbali na chenziwe. Hiyo ya pili sikuhitaji kufundishwa. Imewachukua ndugu zangu Maskati na Dubai na makaburini. Leo tunakula watatu, na Fathiya akiolewa nje tutabaki mimi na Basil. Naogopa, Bwana Mkuu. Nilitaka aolewe hapahapa, asivuke hata kizingiti. Hilo tu ndilo lililokuwa likinifanya nivutie ngoma kwangu.

Kwa hayo naomba, kwa heshima zote:

Kwanza, mtoe barua yenye muhuri kwamba vipimo vya galaksi havifai kwa binadamu wa Unguja.

Pili, Be apimwe tena, safari hii majina yakiwa wazi na mpimaji akiwa mama yake, anayemjua kuliko watu mia mbili na kumi na wawili.

Tatu, endapo hayo ni mazito, msimamishe kuupima ulimwengu mpaka shauri hili limalizike. Ulimwengu umengoja siku zote hizo, utatungoja na sisi.

Wasalimie wenzako wote hapo kazini, wanaoziona galaksi na wanaojifumba wasizione. Basil anakusalimu, amelala.

Ni mimi mwenye kudhulumiwa lakini sina kinyongo,
Sheikha binti Turki.

Nyongeza: Barua hii niliimaliza Jumatatu, nikampa Basil aipeleke posta. Leo Jumapili nimeikuta juu ya friji, chini ya kofia yake. Nimekaa kitako nikampima upya kwa maswali yaleyale, majina wazi, nikijua fika ni mwanangu niliyemzaa kwa uchungu wa siku mbili. Kapata sita. Basi yote niliyoandika huko juu yafuteni, ila salamu. Badala yake mpeni Fathiya likizo ya wiki mbili zaidi. Nikahi ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Usi amekuja kutuamkia, nikamwomba aipeleke yeye barua. Ndiye huyu mlangoni, kasimama anangoja nimalize, na sikumwambia imeandikwa nini. Sasa hivi kaniita Shangazi, nami nimeitika naam kabla sijajizuia.