Ushindi wa Kurudi Nyuma

Jongeeni, enyi wenye masikio, na aliye na chungu jikoni akiepue kwanza, maana habari hii haisimuliwi mbio mbio: habari ya Mpiga Picha, simba wa studio, na siku alipoliteka bafu kwa kisigino.

Miaka sita nyuma, katika picha ya arusi, shujaa huyu huyu alimkata Mama Mkubwa, dada wa mama yake, akabaki nusu mtu. Mama Mkubwa akaapa kutokanyaga tena nyumba ya mdogo wake. Leo amekuja kwa kuwa mdogo wake alimlilia kwenye simu aje kwenye picha ya familia, na amekaa ncha ya kochi, mkoba mapajani, tayari kuondoka.

Watu tisa, sebule moja. Shujaa akachomoa lenzi fupi, imezayo chumba kizima kwa hatua mbili, akafyatua. Wote wakaingia! Lakini Mama Mkubwa, aliyekuwa karibu na kamera kuliko wote, akaitazama picha.

"Ala! Pua hii umeitoa wapi? Juzi ulininyima nusu, leo umenizidishia?" Akasimama.

"Keti, Mama Mkubwa, nakusihi! Lenzi fupi ikimkaribia mtu humvimbisha. Nitatwaa ndefu, nami nitarudi nyuma hata mtoshe nyote, kila mtu na pua aliyopewa na Mola."

"Haya, rudi. Nakutazama."

Akarudi. Lenzi ndefu ikaona watu wawili tu. Akarudi hadi mlangoni, wakawa watano. Akavuka korido kinyumenyume, msicheke, wakawa wanane na nusu. Na nusu ile, ole wake, ilikuwa ile ile ya arusini.

"Nimeingia?"

"Bado!"

Akaingia bafuni. Kisigino kikatumbukia ndooni, maji yakajaa kiatuni, naye hakutetereka. Sasa lenzi iliwatosha wote, ila mwimo wa mlango wa sebule ulimkata Mama Mkubwa begani.

"Mama Mkubwa," akanguruma kutoka bafuni, "nyuma yangu ni ukuta. Mimi nimemaliza kurudi. Sogea wewe."

Mama Mkubwa akamtazama mdogo wake, akasogea kidogo, akasogea tena, mpaka mabega yakagusana. Mdogo wake akamshika mkono, machozi yakimtoka. Shujaa akafyatua.

"Na mkoba?"

"Umeingia na kamba zake!"

Basi andikeni, enyi waandishi wa tarehe, kwamba vita vya miaka sita vilikoma siku hiyo, jemadari akiwa na mguu mmoja ndooni. Picha ilikwisha pigwa, watu wakainuka, na Mama Mkubwa hakurudi pembeni.