Theluji Iliyovaa Soksi

Jumatatu, 9 Februari. Oulu.
Nafasi ya naibu mwalimu mkuu iko wazi! Tunaoitaka ni wawili: mimi, Veikko, na Tuulikki wa darasa la jirani. Alhamisi anakuja Bi Hellevi wa idara ya elimu, kutazama watoto wangu wa darasa la pili wakichunguza mambo wenyewe. Wenyewe! Ukiwaachia wenyewe wanakula gundi.

Jaribio: madonge mawili ya theluji, moja ndani ya soksi ya sufu, moja tupu. Lipi litayeyuka kwanza? La soksi, bila shaka. Sufu hupasha joto. Nimewakaririsha maswali. Na mshangao pia.

Jumanne, 10 Februari.
Nimejaribu peke yangu. La soksi limegoma! Lile tupu likawa dimbwi. Soksi mbovu. Tuulikki akapita, akasema sufu huzuia joto kutoka, na kuingia vilevile. Wivu tu.

Alhamisi, 12 Februari.
Watoto waliuliza kama kasuku. Safi! Donge tupu likaanza kutiririka. La soksi, kimya. Nikamwonyesha Bi Hellevi ndege dirishani, huku mkono wa nyuma ukiimiminia soksi kahawa yangu ya moto. Likayeyuka! Nikashangilia.

Venla, yule kibogoyo wa mbele, akainusa soksi. "Mwalimu, mbona inanuka kahawa?"

Nikamjibu ndiyo harufu ya kondoo.

"Kwani kondoo anakunywa kahawa?"

Hilo sikuwakaririsha. Wakainusa soksi ya pili ya jozi ile: wapi, hainuki. Kikombe cha Bi Hellevi: chai. Changu: kitupu, bado cha moto.

"Ni wewe, Mwalimu," Venla akasema kwa upole. "Lakini turudie, tuwe na hakika."

Wakarudia, mimi nimesimamishwa mlangoni bila kikombe. Donge la soksi likadumu. Aibu!

Bi Hellevi akapiga makofi, eti hajapata kuona uchunguzi mzuri hivi. Nikainama kupokea sifa. Akawauliza watoto nani kawafundisha kurudia jaribio. Kwa sauti moja: Mwalimu Tuulikki, aliponishikia darasa nilipougua mafua.

Ijumaa, 13 Februari.
Unaibu kapewa Tuulikki. Kaleta mikate ya iliki. Nimekula minne, kwa uchungu.

Basi, si kitu. Jumatatu tunachunguza vinavyoelea: chungwa lenye maganda na lililomenywa. Lenye maganda ni zito zaidi, litazama, hata mtoto mchanga anajua. Lisije likaleta ubishi, nimeshalichomeka misumari ndani.