Pikapu ya Bure na Kadi Yangu

Jumapili, 8 Februari

Tumetua Arizona. Duluth, kwetu Minnesota, tumeiacha na theluji hadi kiunoni, hapa watu wamevaa kaptula. Nilivua koti ndani ya ndege nisipoteze muda.

Niandike lengo la safari, nisije nikasahau kwa raha. Mama mkwe wangu, Arlys, hukaa hapa Mesa kila majira ya baridi, kwenye trela yake, nyumba ya magurudumu, miongoni mwa wazee wa Minnesota waliokimbia baridi kama yeye. Sasa amechoka kuihudumia peke yake. Jumamosi atatangaza ni mkwe gani atapewa ufunguo: mimi, au Curt. Mwenye ufunguo atakuwa anaota jua hapa kila Januari na Februari. Mwingine atabaki kuzoa theluji. Arlys amesema anatafuta mtu wa kutegemewa.

Curt ni mwanyumba wangu, ameoa mdogo wa mke wangu. Ni mtu mwema, na hiyo ndiyo kero yake.

Mapambano yalianza kwenye kaunta ya magari ya kukodi. Curt alitangulia. Akachukua gari dogo kuliko yote na kununua bima yao yote, bila hata kubembelezwa. Nilimwonea huruma. Mimi sinunui bima ya kaunta. Lipia gari kwa kadi yangu ya mkopo, ikatae bima yao, basi: likigongwa, watu wa kadi wanabeba mzigo. Nimemweleza Curt haya kila Krismasi. Leo nimemweleza tena, mbele ya foleni. Akasema ni jambo la kuvutia. Kwetu mtu akisema jambo linavutia, ujue amechoka kulisikia.

Zamu yangu. Bibie wa kaunta akasema magari madogo yamekwisha, nikitaka atanipa pikapu bila kuongeza chochote. Bure! Nikakataa kwa adabu, nilivyolelewa. Kwetu kitu cha bure hukataliwa mara mbili, kikapokelewa mara ya tatu. Huyu hakuwa mtu wa kwetu. Alianza kumwita mteja mwingine. Ikabidi nipokee kwa haraka kuliko heshima inavyoruhusu.

Pikapu nyekundu, milango minne, ndefu mpaka inapendeza. Nilisimama dirishani kuipiga picha nimtumie Curt, huku mke wangu Lorna akimalizana na yule bibie. Wakanisogezea kioo cha kompyuta nisaini. Nikasaini palepale waliponionyesha, jicho langu likiwa bado dirishani.

Jumatatu, 9 Februari

Kifungua kinywa kwa Arlys. Alitoka nje, akaizunguka pikapu yote, akasema ni tofauti. Kwetu "tofauti" ni tusi, lakini nadhani jua lilikuwa linampiga machoni.

Gari la Curt limejibanza chini ya kivuli kama kandambili chini ya kitanda. Langu limeziba njia ya jirani.

Halafu bahati ikanijia. Arlys alisema anataka kulitoa kochi lake la zamani, lipelekwe kanisani. Curt akatazama kigari chake. Mimi nikatazama pikapu yangu. Nikasema niachieni mimi. Arlys akanishika mkono na kusema, "Asante, Verlyn, mkwe wangu." Mkono! Curt akasema hilo ni wazo zuri na akajitolea kunisaidia kubeba. Hata kushindwa hajui.

Jumanne, 10 Februari

Siku mbaya.

Mbele ya trela ya Arlys kuna dungusi, mti ule wa miiba usio na majani, mrefu kuliko paa, wenye mikono miwili. Marehemu mumewe aliukuta pale na akaupenda. Arlys alikuwa ukumbini akicheza karata na wenzake. Kochi lilikuwa tayari limepakiwa. Curt alisimama nyuma akinielekeza, na kwa kuwa ni Curt, sikumsikiliza. Nikarudi nyuma.

Taa ya kushoto imekwisha. Mlango wa nyuma umebonyea. Dungusi limebaki na mkono mmoja. Ule mwingine uliangukia juu ya kochi, ukakaa pale kama mgeni anayesubiri chai.

Curt alisema pole, akasema ingeweza kuwa mbaya zaidi. Lorna alikwenda kuleta kibanio cha kunitolea miiba, maana niliing'oa kwenye kochi kwa mkono kabla ya kulipeleka kanisani.

Mimi nilikuwa natabasamu. Hii ndiyo siku niliyoingojea tangu nipate kadi! Kesho napiga simu, wanalipa, na Curt ataona kwa macho yake.

Arlys aliporudi nilimwambia upepo umevunja mkono wa dungusi. Akatazama angani muda mrefu. Haujavuma upepo tangu tufike.

Jumatano, 11 Februari

Nimepiga simu. Mama mmoja, sauti ya upole, akaniuliza lilikuwa gari la aina gani. Nikasema kubwa, la familia. Akauliza kama lina buti. Nikasema lina buti la kutosha. Akauliza kama buti hilo lina paa.

Nikasema halina paa kwa sasa.

"Baba, hiyo ni pikapu," akasema.

Pikapu haimo. Haimo kabisa! Malori hayamo, pikapu hazimo, mabasi madogo ya abiria wengi hayamo, magari ya kifahari hayamo. Nikamweleza kwamba sikuiomba, nilibebeshwa, bure. Akasema samahani. Nikasema nimeilipia kwa kadi yao. Akasema samahani tena. Aliposema mara ya tatu nikagundua ni mtu wa kwetu, na mtu wa kwetu akishakuomba radhi mara tatu mlango umefungwa.

Kuna bima ya gari letu la nyumbani, nayo hufika hadi kwenye gari la kukodi, lakini mwaka juzi niliipunguza. Niliiondoa sehemu ya kutengeneza bodi. Nilimwambia Lorna kwa nini tulipe mara mbili wakati kadi ipo. Alikuwa anamenya viazi, akasema haya.

Kwa hiyo nitaitengeneza pikapu kwa fedha zangu. Arlys atajua. Ufunguo ni wa Curt. Nimekula viazi vya kuoka na nyama mara mbili.

Alhamisi, 12 Februari

Sijakata tamaa. Asubuhi nimenunua turubai la kijani na kulifunga juu ya buti. Sasa paa lipo. Nikapiga picha kutoka pande zote, nikapiga simu upya nikitumaini kupata mtu mwingine.

Nilimpata mwanamume. Kabla sijamaliza salamu akaniuliza kama mimi ndiye yule wa buti lisilo na paa.

Jioni nikamfuata Curt. Nikamuuliza, kwa njia ya jumla tu, kama bima yake ya kaunta inaweza kumfuata ndugu. Akasema inafuata gari. Halafu akaniwekea mkono begani, akasema kama nimekwama tuchangie nusu kwa nusu, na Arlys hana haja ya kujua.

Ningependa angenicheka. Nilikwenda kukaa ndani ya pikapu nimefunga vioo. Niliona aibu, na sioni sababu ya kuificha humu.

Ijumaa, 13 Februari

Nimemwambia Lorna yote. Alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja.

Akasema nisihangaike, pikapu ina bima. Aliinunua Jumapili, pale kaunta, nilipokuwa dirishani.

Nikamuuliza kwa nini safari hii. Akasema si safari hii tu. Nikamuuliza Denver je. Akasema Denver pia. Na Orlando? Orlando pia, na Seattle mara zote mbili. Kila gari nililowahi kukodi kwa kadi hii. Hulipa kutoka fedha zake za kushona mapazia.

"Unafurahi sana ukikataa," alisema. "Niliona nikuache ufurahi."

Nilikunja soksi moja.

Kisha nikalitafakari jambo hili vizuri, na hasira ikanipanda. Sharti la kwanza la kadi ni kukataa bima ya kaunta! Ukiinunua, kadi inajitoa. Maana yake miaka yote hii Lorna ameinyima kadi nafasi ya kuonyesha uwezo wake. Nikamwambia. Akasema hata hivyo pikapu isingelipiwa. Nikasema hayo ni mambo ya pembeni.

Jumamosi, 14 Februari

Baada ya chakula Arlys aliweka ufunguo mezani. Akasema anafahamu kuhusu dungusi, anafahamu kuhusu upepo, na anafahamu pia kwamba nimelipeleka kochi kanisani hivyohivyo na kuling'oa miiba kwa mkono. Akausukuma ufunguo mbele yangu. Mbele yangu!

Nikasema hapana, mama, siwezi kabisa, mpe Curt. Adabu tu. Ilikuwa mara ya kwanza, nilikuwa na moja zaidi kabla ya kupokea.

Akausukuma kwa Curt. Curt akasema hapana, mama, Verlyn anastahili zaidi. Naye amelelewa.

Ikawa zamu ya mzunguko wa pili. Nilikuwa nimeshaandaa maneno. Arlys akasema kahawa yake inapoa, na akauweka ufunguo mbele ya Lorna.

"Asante, mama," Lorna akasema, akautia mfukoni.

Hivyo tu. Mara ya kwanza! Mimi na Curt tulitazamana. Sijawahi kukubaliana naye kama wakati ule.

Jumanne, 17 Februari

Nyumbani. Theluji imeziba mlango, nimeingilia dirishani.

Kuirudisha pikapu kulichukua muda mfupi sana. Mkaguzi aliangalia kule nyuma, akaangalia simu yake, akatutakia safari njema. Sikuombwa kitu. Lorna alimshukuru. Mimi sikumshukuru, sikuona cha kushukuru katika jambo lililofanywa kinyume cha taratibu.

Nimepima matokeo kwa utulivu. Ufunguo uko kwa Lorna. Lorna ni mke wangu. Kwa hiyo nimeshinda.

Kosa langu lilikuwa moja tu, nalo nimelirekebisha. Leo nimeagiza gari la Februari ijayo: basi dogo la watu kumi na watano, tusafiri sote, Curt akae kiti cha nyuma kabisa. Nimelipia kwa kadi. Halina buti la wazi, nimehakikisha mwenyewe kwenye picha. Nikamwambia Lorna kwamba mwakani nitakwenda kaunta peke yangu, yeye abaki na mizigo.

Akasema, "Sawa, mume wangu," kabla sijamaliza kusema. Hatimaye ameanza kuielewa kadi.