Taa ya Mguu wa Kumi na Saba

Jumatatu, tarehe 6 Mei

Nina miaka sabini na sita. Nimewazika wakuu wa stesheni wanne, injini zote za makaa, meno yangu ya juu, na daktari aliyeniambia sitafika sabini. Mke wangu pia, miaka miwili sasa, ila huyo simtii kwenye hesabu ya kujisifia. Miaka thelathini na moja nilishika taa za ishara relini. Kijani, treni pita. Nyekundu, simama. Treni hazikugongana hata mbili. Moja ilimgonga ng'ombe, lakini ng'ombe yule hakuangalia taa.

Leo binti yangu kaja kusema nihamie kwake. Chumba kipo, kile wanachopigia pasi. Ati nikianguka humu peke yangu nani atajua. Nikamwambia mimi sianguki. Akasema, Baba, kila aliyeanguka alikuwa haanguki. Ulimi huo ni wa mama yake mtupu.

Nikaomba wiki moja. Mkwe wangu, fundi kompyuta, aliniletea mwaka jana kikompyuta kidogo, hakizidi pakiti ya sigara. Kina miguu ya chuma arobaini, mistari miwili, na kilikuja na kijitabu, waya, kitufe, na taa ndogo kama punje za komamanga. Shauri langu ni hili: nikiamka nabonyeza kitufe, taa ya kijani inawaka dirishani, saa sita mchana inajizima. Fundi cherehani wa ng'ambo ya kichochoro, tunamwita Sindano, naye ananiita Ishara, akifungua duka anatazama. Imewaka, mzee mzima. Haikuwaka, aje na ufunguo wa akiba. Binti kakubali. Taa ikishindwa hata asubuhi moja, Jumapili nafunga virago.

Kuta hizi nilizipaka rangi mimi na marehemu. Alishika ngazi.

Jumanne, tarehe 7

Nimenakili programu kutoka kijitabuni, mistari kumi na miwili, kwa kidole kimoja. Kusoma nilijifunza ukubwani, sioni aibu, herufi zenyewe zilichelewa kunifikia. Kutoka asubuhi hadi adhuhuri. Kioo kikanyamaza kimya. Nikampigia mkwe. Akasema ikinyamaza imekubali. Ajabu. Marehemu akinyamaza ilikuwa kinyume chake.

Sindano kaja kuchungulia, na uzi mdomoni. Akaniuliza tangu lini nimekuwa profesa, mtu ambaye barua yake ya posa iliandikwa na karani wa tiketi. Nikamwambia karani aliandika, ila maneno yalikuwa yangu, na mke nilipata. Yeye aliandika mwenyewe akakataliwa mara mbili.

Jumatano, tarehe 8

Waya sasa. Programu inasema taa iko namba kumi na saba. Nikautazama mchoro wa kijitabu. Huo mchoro umelewa. Namba zinaruka kama panzi: mbili, tatu, nne, halafu ghafla kumi na saba, mara ishirini na saba, mara ishirini na mbili. Mchapaji alisinzia. Mimi nilihesabu mabehewa usiku na ukungu, nitashindwa miguu arobaini? Nikaweka miwani, nikachukua njiti ya kiberiti. Moja kushoto, mbili kulia, tatu kushoto, nne kulia. Hadi kumi na saba. Hapo ndipo nikachomeka.

Taa ikanuna. Nilikuwa nimeigeuza, ule mguu wake mrefu upande usio wake. Nikaigeuza tena.

Ikawaka. Kabla sijagusa kitufe.

Nikakaa kitandani nikaitazama. Kijani kile cha majani machanga. Nikaivalisha kikombe cheupe cha plastiki ionekane mbali, chumba chote kikawa kama chini ya maji. Nikaona reli inapita katikati ya chumba, na mimi kijana, kofia kichwani, naiambia dunia ipite salama. Nikasahau uji jikoni. Sufuria imeungua. Hilo binti halimhusu.

Alhamisi, tarehe 9

Nimeamka, taa tayari inawaka. Nikabonyeza kitufe kwa heshima tu. Imenizoea. Inajua nimeamka hata kabla sijaamka.

Saa sita ikafika haikuzima. Saa kumi bado. Sindano kapiga kelele kutoka dukani, Ishara, mbona taa yako haiendi nyumbani? Nikamjibu inafanya ovataimu, tofauti na cherehani yako. Mteja wake mama mmoja akacheka mpaka akakaa. Siku njema.

Ijumaa, tarehe 10

Taa safi. Nimeota mchana kweupe, kiti kikiwa dirishani. Naona kila nyumba ya kichochoro ina kitaa chake, wajane, wagonjwa, wazee wenye kiburi, wote wanawaka kijani, na mimi nimekaa kwenye kibanda juu nawahesabu. Marehemu kapita chini kwa miguu. Nikamwonyesha kijani apite. Hakupita. Akaniuliza nani ananiangalia mimi. Nikaamka, shingo imekakamaa.

Jumamosi, tarehe 11. Jioni. Mwandiko mbaya, mkono umefungwa bandeji

Nimeteleza bafuni. Sikuanguka, nimeteleza. Kabla ya saa moja asubuhi. Nyonga imegoma, mkono umekuwa chini yangu. Sakafu baridi. Mlango ulikuwa wazi, nikaliona dirisha. Taa inawaka.

Nikasikia Sindano anafungua duka. Nikaita. Sauti ikafika mlangoni ikarudi. Nikamsikia anamwambia mtu, mzee yuko salama, si unaona taa yake. Cherehani ikaanza.

Nililala pale. Bomba linadondosha tone, halafu tone. Mwanga wa jua ukapanda ukutani, ukashuka. Wakati mwingine nilikuwa stesheni. Wakati mwingine marehemu alikuwa anapiga deki, ananiambia nyanyua miguu. Nikasema siwezi. Akasema basi subiri pakauke.

Saa tisa alasiri ufunguo ukalia mlangoni. Sindano. Nikamuuliza amejuaje. Akasema hakujua kitu, ila tangu asubuhi hajatukanwa, na cherehani imemshinda. Akaninyanyua. Akasema nilipita mbele yako mara nne, Ishara. Mara nne.

Nyonga haikuvunjika. Tabibu kasema nina mifupa ya reli. Nilimwambia hivyo mimi kwanza.

Jumapili, tarehe 12

Wamekuja. Binti kalia, kisha kafungua sanduku langu, kaanza kukunja mashati. Mkwe kashika kikompyuta, kaangalia waya, kajikuna kichwa. Akasema kwa adabu, Baba, miguu hii majina yake hayafuati mstari. Ule unaoitwa kumi na saba ni huu wa juu. Huu uliouhesabu wewe unatoa umeme tu, muda wote. Hausikilizi programu wala kitufe. Ungekuwa hai, ungekuwa maiti, taa ingewaka.

Nikasema taa ilisema niko hai, na nilikuwa hai. Iliongopa wapi?

Binti akaendelea kukunja. Hapo Sindano, aliyekuwa mlangoni na kofia mkononi, akasema kitu nisichotarajia. Kwamba kila siku kabla ya kufungua duka atagonga mlango huu, taa iwake kama jua au isiwake, na hataondoka mpaka nimjibu kwa tusi. Akaapa. Binti akamtazama muda mrefu. Akanitazama mimi. Akatoa shati moja sandukuni, akalirudisha msumarini.

Mashati mengine nimeyatundika mwenyewe, kwa mkono mmoja.

Jumatatu, tarehe 13

Sindano kagonga saa kumi na mbili na nusu. Nimemwita kipande cha kitambaa kibovu. Ameridhika, kaingia, kanywa chai yangu vikombe viwili.

Mkwe alihamisha waya jana, kaupeleka kwenye mguu anaoutaka yeye. Matokeo yake, saa sita mchana taa imezima. Imekufa kabisa mbele ya macho yangu. Hiyo ndiyo kazi ya wasomi. Kwangu iliwaka siku nne, haikupepesa.

Nimechukua njiti ya kiberiti. Moja kushoto, mbili kulia. Nimeurudisha waya palepale. Imewaka. Kijani, njia salama. Kesho naanza kutengeneza ya Sindano, naye anazeeka, na kwake hakuna wa kugonga.

Ukitaka ushahidi kwamba taa yangu haijawahi kukosea, muulize yeye. Ataanza kwa kukataa, ni kawaida yake. Mwache amalize, kisha muulize je, siku hizo zote nilikuwa hai au sikuwa.