Nusu Leo, Nusu Wiki Ijayo

Jumatatu, 3 Februari

Nimepata mashati! Mwalimu mkuu wa shule ya msingi kaja mwenyewe hapa kwenye kibaraza cha mafundi. Mashati ishirini ya buluu kwangu, ishirini kwa wifi yangu, ambaye cherehani yake iko ubavuni mwa yangu. Malipo ya kila shati ni yaleyale, kitambaa juu yetu. Atakayeshona vizuri zaidi atapewa sare za shule nzima, mwaka mzima. Shule nzima! Nikiipata nitakodi cherehani ya kuweka nyumbani, na mwanangu Pilipili atalala kitandani kama watoto wa watu, siyo ndani ya boksi la vipande vya vitambaa chini ya meza yangu. Ana meno manne. Leo kala uzi.

Wifi kaondoka palepale kununua kitambaa chote. Hakuuliza hata mtu mmoja! Mimi shule yangu iliishia darasa la saba, lakini kuuliza najua.

Jumanne, 4 Februari

Nimeuliza. Loo, duniani kuna vichwa!

Babu Asilimia, karani wa benki aliyestaafu, huja kibarazani kwetu kusoma gazeti. Kasema benki kuu imepandisha riba. Riba ikipanda watu hawakopi, wasipokopa hawanunui, wasiponunua wenye maduka watashusha bei bila kuombwa. Ngoja wiki moja, mjukuu wangu.

Shangazi Jora, mwenye duka la vitambaa la jirani, kasikia akatoka mbio na mkasi mkononi. Kasema riba kitu gani! Fedha yetu inadhoofika, kitambaa kinatoka ng'ambo, mzigo ujao utakuja na bei ya kutisha. Nunua leo, mwanangu.

Babu kamuuliza ni muuzaji gani aliyewahi kumwambia mteja aje wiki ijayo. Shangazi kamjibu kwamba mtu wa pensheni hana haraka na kitu chochote, hata kunyoa. Babu kashika kidevu. Nikacheka mpaka Pilipili akaamka.

Nilitamani wasimalize. Babu huvua miwani kabla ya kutamka riba. Shangazi hutaja fedha za kigeni kama anataja binamu zake. Sasa nimwamini nani?

Jumatano, 5 Februari

Nimegundua! Wote wawili wana akili, basi nitawaamini wote wawili. Leo nimenunua kitambaa cha mbele na nyuma tu. Cha mikono na kola, wiki ijayo. Bei ikipanda, nimeshawahi. Ikishuka, nimeshangoja. Sioni pa kupotelea!

Wifi kaniuliza kwa nini sikuchukua chote. Nikamwambia haya ni mambo ya uchumi. Kasema haya, mchumi wetu, ila usisahau kwamba watoto wana mikono.

Kijicho hicho.

Ijumaa, 7 Februari

Mashati ya wifi yana mikono tayari. Yangu yananing'inia kama vizibao.

Babu kachukua chaki yangu ya kupimia, kachora bei kwenye kipande cha kitambaa: mstari unashuka, unashuka. Shangazi kakitazama kwa heshima zote, kisha kakigeuza juu chini. Mstari unapanda! Kibaraza kizima kikapiga makofi. Hata Babu. Watu wa elimu hawana kinyongo, nimewapenda.

Jumanne, 11 Februari

Bei iko palepale! Haikusogea hata kidogo.

Nikajua leo mmoja ataaibika. Wapi! Babu kasema bei ingepanda sana, ila riba imeizuia. Shangazi kasema ingeshuka, ila fedha za kigeni zimeishikilia. Wameshinda wote wawili. Wamepeana mkono! Sijaona kitu kizuri namna ile.

Nimenunua cha mikono na kola. Shangazi kasema lile jora la kwanza limekwisha, hili ni jipya, buluu ileile. Wifi kakishika, kasema nikipeleke juani nikakilinganishe kwanza. Nikamwambia asihangaike. Jioni mashati yote yalikuwa na mikono na kola.

Alhamisi, 13 Februari

Jua halina adabu.

Mwalimu mkuu kawapanga watoto ishirini uwanjani, kila mmoja na shati langu. Kiwiliwili buluu ya anga. Mikono na kola buluu ya bwawa lenye majani. Mtoto mmoja kajitazama, kauliza hii mikono tumeazima kwa nani. Mwalimu mkuu hakunifokea. Kaniambia pole, mama. Afadhali angenifokea.

Mashati kayachukua kwa bei ya chini, yawe ya timu ya mpira. Shule nzima kapewa wifi.

Nimerudi kibarazani, nimelia ndani ya boksi la vipande. Pilipili kadhani ni mchezo, kanipiga piga mashavu. Wifi kakaa sakafuni pembeni yangu. Kasema kazi moja jora moja, wifi, kila pipa la rangi hutoka kivyake. Najua! Nilifundishwa siku yangu ya kwanza kushika mkasi. Lakini Jumatano ile nilikuwa nawaza uchumi wa dunia.

Jumamosi, 15 Februari

Huyu wifi yangu sikuwa namjua. Kaenda kwa mwalimu mkuu, kasema mashati mia mbili ni mengi kwa mtu mmoja, nusu atashona wifi yake, kwa mkono hana mpinzani. Hakuniambia. Nimeambiwa na Shangazi Jora. Nikaenda kumshukuru, kanikatiza, kasema nenda kashone. Tukimaliza vizuri, cherehani ya nyumbani nitaikodi.

Sharti lake ni moja: kitambaa ananunua yeye. Nisilikaribie duka la vitambaa. Mimi kaniachia vifungo tu, elfu moja na mia mbili, vya mashati yake na yangu.

Jumatatu, 17 Februari

Nimekaa, nimefikiri sana, kosa nimelijua. Niliuliza watu wawili tu! Mambo mazito namna hii yanataka watatu. Leo nimemwongeza kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ambaye husikiliza taarifa ya habari kutwa nzima na kichwa cha mtu mkononi. Babu Asilimia kasema vifungo vitashuka. Shangazi Jora kasema vitapanda. Kinyozi kazima mashine, kasema vitapanda kwanza, halafu ndiyo vishuke. Ajabu! Hilo hakuna aliyekuwa amelifikiria.

Basi theluthi nimenunua leo, theluthi wiki ijayo, theluthi mwisho wa mwezi. Wifi sijamwambia, nataka afurahi kwa ghafla. Na safari hii hakuna pa kukosea. Vifungo ni vyeupe, na nyeupe ni moja tu.